Adrenalini Moja, Bei Nne

Katika robo ya kwanza ya mwaka 2017, mgonjwa wa mzio nchini Marekani aliyehitaji sindano mbili za dharura za adrenalini aliweza kukutana na bei nne zilizoachana sana kwa dawa ile ile, yenye kipimo kile kile cha miligramu 0.3, inayochomwa mahali pale pale pa paja. Pakiti ya EpiPen, jina lililokuwa limelitawala soko hilo kwa miaka mingi, ilikuwa na bei rasmi ya takriban dola 608. Pakiti isiyo na jina hilo, lakini iliyouzwa na kampuni hiyo hiyo ya Mylan, ilikuwa na bei ya dola 300. Kampuni ya maduka ya dawa ya CVS ilitangaza mwezi Januari kwamba ingeuza jeneriki, yaani dawa isiyobeba jina la kibiashara, ya sindano nyingine iitwayo Adrenaclick, kwa dola 109.99. Mwezi uliofuata sindano ya Auvi-Q ilirudi sokoni ikiwa na bei rasmi ya dola 4,500. Yeyote anayeamini kwamba bei ya dawa hufuata gharama ya kuitengeneza atapata tabu kuzieleza tarakimu hizi, kwa kuwa dawa iliyomo ndani ya kila moja ya sindano hizo haikuzidi thamani ya takriban dola moja.

Ugonjwa unaotibiwa kwa sindano hizi huitwa anafilaksia, yaani mshtuko mkali wa mzio unaoushika mwili mzima kwa ghafla baada ya mtu kula kitu ambacho mwili wake haupatani nacho, kama vile karanga, maziwa, mayai au kamba, au baada ya kuumwa na nyuki, au kupewa dawa kama penisilini. Mishipa ya damu hulegea na kuvuja, shinikizo la damu huporomoka, ulimi na koo huvimba, na njia za hewa ndani ya mapafu hubanwa kiasi kwamba mgonjwa anaweza kufariki katika muda wa dakika chache. Adrenalini, ambayo Wamarekani wengi huiita epinefrini, huyarekebisha mambo hayo karibu yote kwa pamoja, kwa maana huibana mishipa iliyolegea, hupanua njia za hewa na kuupa moyo nguvu ya kusukuma damu. Dawa za vidonge zinazotuliza mwasho na mafua ya mzio, kama Piriton au setirizini, hazina uwezo huo, na ni hatari kuzitegemea mahali ambapo adrenalini ndiyo inayohitajika.

Dawa yenyewe ni ya zamani. Jokichi Takamine, mkemia wa Kijapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliitenga kutoka kwenye tezi za wanyama mwanzoni mwa karne ya 20 na kuichukulia hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwa mtengenezaji pekee kwa muda maalumu. Hataza hiyo ilikwisha zamani, na leo viwanda vingi duniani hutengeneza adrenalini na kuiuza kwa bei ya chini katika ampuli, vile vichupa vidogo vya kioo ambavyo muuguzi huvivunja shingo kabla ya kuvuta dawa kwa bomba la sindano.

Kilichokuwa kipya katika EpiPen ni chombo. Mhandisi Sheldon Kaplan, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Survival Technology huko Bethesda, jimbo la Maryland, alibuni katika miaka ya 1970 sindano yenye springi ambayo askari angeweza kujichomea mwenyewe, hata kupitia sare yake, dawa ya kuzuia madhara ya gesi ya sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu. Ubunifu huo wa kijeshi ulibadilishwa ukatiwa adrenalini, na mwaka 1987 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ikauidhinisha kwa matumizi ya raia. Mtumiaji huishika kalamu hiyo mkononi, huondoa kifuniko cha usalama cha buluu kilicho upande mmoja, kisha huisukuma ncha ya rangi ya chungwa kwenye upande wa nje wa paja mpaka isikike ikilia, na huishikilia hapo kwa sekunde tatu. Springi hufyatua sindano, sindano hupenya nguo na ngozi, na dawa huingia ndani ya msuli bila mtumiaji kupima chochote.

Ndani ya kalamu hiyo mna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Bomba lake hubeba mililita 2 za adrenalini, lakini hutoa mililita 0.3 tu, na mililita 1.7 zilizosalia hubaki ndani bila njia halali ya kuzitumia, kisha hutupwa pamoja na chombo. Mtengenezaji anayeacha zaidi ya theluthi mbili ya dawa yake iende taka, tena kwa makusudi ya usanifu, anaonyesha wazi kwamba dawa si sehemu ya gharama inayomnyima usingizi.

Mylan iliipata EpiPen mwaka 2007 iliponunua kitengo cha dawa za jeneriki cha kampuni ya Merck KGaA ya Ujerumani, na EpiPen ikaja kama kitu kidogo ndani ya mzigo mkubwa. Wakati huo pakiti ya kalamu mbili ilikuwa na bei ya takriban dola 100, na mauzo yake ya mwaka yalikuwa kiasi cha dola milioni 200. Kufikia mwaka 2015 mauzo yalikuwa yamevuka dola bilioni moja, na kufikia Mei 2016 bei rasmi ya pakiti ilikuwa dola 608. Ongezeko hilo halikuletwa mara moja. Bei ilipandishwa hatua kwa hatua, na pamoja nayo zilikwenda juhudi ambazo nyingine zilikuwa na manufaa ya kweli kwa wagonjwa. Mylan iligawa kalamu za bure mashuleni kuanzia mwaka 2012, na Novemba 2013 Rais Barack Obama alitia saini sheria iliyohimiza majimbo kuzitaka shule ziwe na adrenalini ya dharura. Mwongozo wa kitabibu uliotolewa mwishoni mwa mwaka 2010 ulikuwa umependekeza kila mgonjwa awe na dozi mbili, kwa sababu mshtuko unaweza kurudi baada ya dozi ya kwanza kuisha nguvu, na mwaka 2011 kampuni ikaacha kuuza kalamu moja moja. Ushauri ulikuwa mzuri, na mwenye duka hakupata hasara kuufuata.

Kisha washindani wakatoweka mmoja baada ya mwingine. Oktoba 2015 kampuni ya Sanofi ya Ufaransa iliziondoa sokoni sindano zote za Auvi-Q, kwa hofu kwamba baadhi yake hazikutoa kipimo sahihi. Mapema mwaka 2016 FDA ilikataa kwa wakati huo ombi la kampuni ya Teva ya Israeli, iliyotaka kuuza jeneriki ya EpiPen, kwa kuwa iliona kasoro katika maombi yake. Adrenaclick ilikuwapo, lakini ilizalishwa kwa wingi mdogo na madaktari wengi hawakuizoea. Mylan ikabaki na takribani soko zima, na wazazi waliokwenda kununua kalamu za watoto wao kabla ya shule kufunguliwa Agosti 2016 wakakuta bei ambayo haikuwa imewahi kuonekana.

Kelele zilizofuata zilifika bungeni. Tarehe 21 Septemba 2016 mkuu wa Mylan, Heather Bresch, alihojiwa na kamati ya Baraza la Wawakilishi, na maelezo aliyoyatoa kuhusu mgawanyo wa dola 608 ni miongoni mwa nyaraka chache ambamo kampuni ya dawa imelazimika kuufunua mfuko wake hadharani. Kwa hesabu yake, dola 334 hazikufika Mylan, kwa kuwa zilikwenda kwa wauzaji wa jumla, maduka ya dawa, kampuni za bima na kampuni zinazosimamia mafao ya dawa kwa niaba ya bima. Kati ya dola 274 zilizobaki, dola 69 zililipia utengenezaji wa kalamu mbili, dola 105 zililipia gharama nyingine zilizohusishwa na bidhaa hiyo, na dola 100 zikawa faida. Siku chache baadaye ilibainika kwamba zile dola 100 zilikuwa zimekokotolewa baada ya kukata kodi, na kwamba faida kabla ya kodi ilikuwa dola 166 kwa kila pakiti. Hata hivyo, tarakimu ya kuvutia zaidi si faida iliyobishaniwa, ni ile ya dola 334, kwani inaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya bei ya sindano iliishia mikononi mwa watu ambao hawakuitengeneza.

Kampuni zinazosimamia mafao ya dawa huandaa orodha ya dawa ambazo bima itazilipia. Mtengenezaji anayetaka bidhaa yake ikae mahali pazuri kwenye orodha hiyo hutoa marejesho, yaani sehemu ya bei anayoirudisha baada ya mauzo kufanyika. Bei rasmi ikiwa kubwa, marejesho yanaweza kuwa makubwa pia, na kila anayehusika anaweza kuonekana amejipatia punguzo nono, isipokuwa mgonjwa. Bima nyingi za Marekani humtaka mwanachama ajilipie mwenyewe kiasi fulani mwanzoni mwa kila mwaka kabla bima haijaanza kuchangia, na katika kipindi hicho hulipishwa kwa kufuata bei rasmi wala si bei iliyokwisha kupunguzwa na marejesho. Mwenye bima iliyo kamili huenda asiihisi dola 608 hata kidogo, na jirani yake mwenye bima hafifu, au asiye nayo, akailipa yote.

Auvi-Q iliyorudi mwaka 2017 chini ya kampuni ya Kaleo iliifuata mantiki hiyo mpaka mwisho wake. Kampuni hiyo ilitangaza kwamba wenye bima za binafsi hawangelipa hata senti moja mfukoni, na asiye na bima anayelipa taslimu angepewa kwa dola 360, ilhali zile dola 4,500 zilikuwa bei ya kudai kwa kampuni za bima. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba sindano yake ni ya bure alikuwa akilipa kwa mlango wa nyuma, kupitia michango ya bima inayopanda kila mwaka kwa wanachama wote. Sanofi, iliyokuwa imeirudisha leseni ya Auvi-Q kwa wabunifu wake wa Kaleo, ilifungua kesi mwaka 2017 ikilalamika kwamba Mylan ilitoa marejesho makubwa kwa sharti la kuiondoa Auvi-Q kwenye orodha za bima, lakini mahakama zilizoisikiliza ziliikataa hoja hiyo, ya mwisho mwaka 2022.

Baada ya kelele za Agosti, Mylan haikushusha bei ya EpiPen. Badala yake, Desemba 2016 ilitoa kile kinachoitwa jeneriki iliyoidhinishwa, nayo ni bidhaa ya mwenye jina mwenyewe, iliyotoka katika kiwanda kile kile kwa kibali kile kile cha FDA, ila imevuliwa jina la kibiashara kwenye lebo. Bei yake ilikuwa dola 300. Hapana tofauti ya dawa, springi, sindano wala maelekezo kati yake na ile ya dola 608, na hata mpangilio wa rangi umefuatwa. Jeneriki ya kawaida inahitaji kuthibitisha kwamba inalingana na dawa asilia, lakini hii haikuhitaji uthibitisho wowote kwa kuwa ndiyo dawa asilia. Ni vigumu kupata kipimo kilicho safi kuliko hiki cha thamani ya jina, na jina la EpiPen, kwa kipimo hicho, lilikuwa na thamani ya dola 308.

Jeneriki iliyouzwa CVS kwa dola 109.99 ilikuwa ya aina nyingine, na hapa ndipo wanunuzi wengi walipojikwaa. Ilikuwa jeneriki iliyoidhinishwa ya Adrenaclick, ambayo ina dawa na kipimo sawa na EpiPen lakini chombo chake hutumiwa kwa namna tofauti. Ina vifuniko viwili, kimoja kila upande, na vyote viwili lazima viondolewe kabla ncha nyekundu haijasukumwa pajani na kushikiliwa hapo kwa sekunde kumi. Mtu aliyefundishwa EpiPen akaondoa kifuniko kimoja tu, kama alivyozoea, hangechoma kitu. Kwa sababu hiyo FDA haikuihesabu kuwa sawa na EpiPen, na katika majimbo mengi mfamasia aliyeletewa cheti kilichoandikwa EpiPen hakuruhusiwa kumpa mgonjwa sindano hiyo ya dola 110 hata kama mgonjwa mwenyewe aliiomba. Daktari alipaswa kuandika Adrenaclick, au kuandika kwa jumla sindano ya epinefrini ya kujichomea. Kalamu ya daktari, kwa maana ya kalamu ya wino, ilimgharimu mgonjwa karibu dola 500 kwa kuandika neno moja kwa mazoea.

Kanuni hiyo ina msingi mzuri. Kidonge cha jeneriki humezwa kama kidonge cha asili, kwa hiyo inatosha kuthibitisha kwamba dawa inafika kwenye damu kwa kiasi na kasi ile ile. Sindano ya dharura hutumiwa na mama aliyeshikwa na hofu, mwalimu wa shule au mtoto wa miaka kumi, na hakuna wakati wa kusoma maelekezo upya. FDA kwa hiyo hutaka jeneriki ya kweli itumike bila mafunzo mapya, huku hataza za chombo, zilizodumu hadi mwaka 2025, zikimkataza mshindani kukiiga chombo chenyewe. Kutengeneza kitu kinachotumika kama kingine bila kufanana nacho kisheria ni kazi ngumu, na Teva, iliyokuwa imefikia mapatano na wenye hataza mwaka 2012 kwamba ingeruhusiwa kuanza kuuza katikati ya mwaka 2015, haikupata kibali cha FDA mpaka tarehe 16 Agosti 2018.

Hiyo ndiyo jeneriki ya kwanza ya EpiPen isiyotoka kwa mwenye EpiPen, na wengi walitegemea kwamba ujio wake ungeishusha bei kwa kishindo. Ilipoingia madukani mwishoni mwa mwaka huo, bei yake rasmi ilikuwa dola 300 kwa pakiti, sawasawa na jeneriki ya Mylan. Ni dhahiri kwamba Mylan, kwa kutangulia kuweka jeneriki yake mwenyewe kwenye dola 300, iliweka pia sakafu ambayo mgeni hakuona sababu ya kuivunja. Somo la kawaida la vitabu, kwamba jeneriki ya pili na ya tatu huporomosha bei, linahitaji wauzaji wengi, na soko la sindano za adrenalini halijawahi kuwa na wauzaji wengi.

Kabla ya Teva kufika, soko lilikuwa limeonja adha ya kumtegemea mtengenezaji mmoja. Kalamu zote za EpiPen, zenye jina na zisizo na jina, zilitengenezwa na Meridian Medical Technologies, wakati huo kampuni tanzu ya Pfizer, yenye viwanda katika eneo la St. Louis, jimbo la Missouri. Machi 2017 makundi 13 ya kalamu hizo yaliondolewa sokoni Marekani, na Septemba mwaka huo FDA iliiandikia kampuni hiyo barua ya onyo kwamba haikuchunguza ipasavyo malalamiko kuhusu kalamu zilizoshindwa kufanya kazi. Mwaka 2018 uhaba ulikuwa mkubwa kiasi kwamba FDA iliongeza miezi minne kwenye tarehe za mwisho za baadhi ya makundi. Aliyekuwa amehamia kwenye jeneriki ya Mylan ili kuokoa dola 308 hakuwa amejikinga na uhaba huo hata kidogo, kwa kuwa chanzo kilikuwa kimoja.

Serikali ya Marekani nayo ilikuwa na shauri lake kuhusu jina na jeneriki. Watengenezaji wanaouza dawa kwa Medicaid, mpango wa bima ya umma kwa watu wa kipato cha chini, hutakiwa kurejesha angalau asilimia 23.1 ya bei kwa dawa asilia, na asilimia 13 tu kwa jeneriki. Kwa miaka kadhaa EpiPen iliorodheshwa katika mpango huo kwenye kundi la jeneriki, ingawa dukani iliuzwa kama dawa asilia kwa bei ya dawa asilia. Agosti 2017 Mylan ilikubali kulipa dola milioni 465 kumaliza madai ya serikali kuhusu uorodheshaji huo bila kukiri kosa. Kesi za wanunuzi wa kawaida kuhusu bei zilimalizwa baadaye, Pfizer ikilipa dola milioni 345 mwaka 2021 na Mylan, ambayo tayari ilikuwa imeungana na Upjohn na kuitwa Viatris, ikilipa dola milioni 264 mwaka 2022.

Anayelinganisha bei za sindano hizi anapaswa pia kuitazama tarehe ya mwisho wa matumizi, jambo ambalo matangazo ya bei huliruka. Kalamu hizi hudumu kwa muda maalumu tangu zitoke kiwandani, na sehemu ya muda huo hupotea katika maghala na rafu. Pakiti ya dola 300 iliyobakiza miezi 18 humgharimu mgonjwa chini ya dola 17 kwa mwezi, na pakiti ya bei hiyo hiyo iliyobakiza miezi tisa humgharimu zaidi ya dola 33. Familia yenye mtoto mwenye mzio wa karanga huhitaji pakiti ya nyumbani na nyingine ya shuleni, kwa hiyo kumwomba mfamasia atafute pakiti yenye tarehe ya mbali kunaweza kuokoa fedha nyingi kuliko kuponi ya punguzo. Watafiti wa California waliochunguza kalamu 40 zilizopitwa na tarehe, wakachapisha matokeo yao mwaka 2017, waliona kwamba zote zilikuwa bado na zaidi ya asilimia 80 ya adrenalini iliyoandikwa kwenye lebo. Kwa hiyo kalamu iliyopitwa na wakati ni bora kuliko kukosa kabisa, ingawa si ya kupangia safari.

Miaka ya karibuni imeleta njia nyingine mbili za kuikabili bei. Jimbo la Colorado lilipitisha mwaka 2023 sheria ya kuweka kikomo cha dola 60 kwa pakiti ya sindano mbili, ikaanza kutumika Januari 2024, na Teva ikaenda mahakamani kupinga sehemu inayowataka watengenezaji wayafidie maduka ya dawa kwa kuyapa sindano. Agosti 2024 FDA iliidhinisha Neffy, adrenalini ya kupuliziwa puani isiyo na sindano yoyote, ambayo iliingia sokoni kwa bei rasmi ya dola 710 kwa dozi mbili na dola 199 kwa anayelipa taslimu bila bima. Chombo kimebadilika kabisa, lakini pengo kati ya bei ya orodha na bei ya taslimu limehamia nacho.

Nchini Uingereza, ambako huduma ya afya ya taifa hununua dawa kwa niaba ya wananchi wote, mtu mzima wa England hulipa ada ya cheti, pauni 9.90 tangu Mei 2024, iwe kalamu ina jina maarufu au haina, na watoto hawalipi chochote. Wagonjwa wa Scotland na Wales hawalipi hata ada hiyo. Bei iliyofikiwa kati ya serikali na kiwanda ni suala la maafisa wa ununuzi, na mgonjwa halazimiki kujua tofauti ya jeneriki moja na nyingine ili apate nafuu.

Swali ambalo mtu mwenye akili ya uchumi atauliza ni kwa nini mgonjwa asinunue ampuli na bomba la sindano, akaachana na kalamu zote. Watabibu wa Kanada walilijaribu swali hilo na kuchapisha jibu mwaka 2001. Waliwapa wazazi ampuli, sindano na maelekezo, wakawataka wavute kipimo cha mtoto mchanga. Wazazi walichukua wastani wa sekunde 142, wakati wauguzi wa idara ya dharura walichukua sekunde 29, na vipimo walivyovivuta wazazi vilipishana hadi mara 40 kati ya kidogo na kikubwa. Adrenalini ikizidi sana inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na ikipungua sana haimsaidii mgonjwa. Chombo basi kina thamani ya kweli kwa asiye mtaalamu, na ubishi unahusu ukubwa wa thamani hiyo.

Kwa mtaalamu hali ni nyingine. Wahudumu wa magari ya wagonjwa wa kaunti ya King, ambamo mji wa Seattle umo, walifundishwa kutumia kichupa cha adrenalini na bomba la sindano lililowekwa alama, wakaacha kalamu, na gharama za idara zikapungua sana. Mpango kama huo uliigwa katika jimbo la New York. Hivyo nchi yenye kalamu ya dola 608 ilijikuta ikirudi kwenye ampuli pale palipokuwa na mtu aliyefundishwa kuitumia.

Afrika Mashariki haikuwahi kuondoka kwenye ampuli. Kalamu za adrenalini huuzwa zaidi katika nchi tajiri, na katika hospitali na vituo vya afya vya Tanzania na Kenya dharura ya mzio hutibiwa kwa ampuli ya miligramu 1 kwa mililita 1, ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Familia ya Waswahili inayoishi Ohio au Minnesota na kuja likizo Dar es Salaam au Mombasa na mtoto mwenye mzio haina budi kubeba kalamu zake zote kwenye mzigo wa mkononi, pamoja na barua ya daktari, na kuziweka mbali na joto la gari lililofungwa vioo, kwa kuwa zimetengenezwa zikae kwenye nyuzi joto 20 hadi 25, na wala hazitakiwi kwenye jokofu. Zikiisha, mtoto atatibiwa na muuguzi kwa ampuli, naye muuguzi atakokotoa kipimo kwa uzito, miligramu 0.01 kwa kila kilo, ili mtoto wa kilo 20 apate mililita 0.2 ndani ya msuli wa paja, na ampuli ile ile ibaki na dozi ya kurudia baada ya dakika tano ikihitajika.